Viko Ukutani, Viko Kabatini: Majibu kwa Wasomaji

Safari hii barua nyingi zinahusu viko vya tumbaku. Ili tuelewane: bakuli ni pale panapotiwa tumbaku, shingo ni mbao inayotoka kwenye bakuli, mdomo ni kipande kinachoshikwa kwa meno, na ulimi ni ile ncha ya mdomo inayoingia ndani ya shingo.

*Marehemu babu aliniachia viko ishirini na kitu vya mbao. Nimevipanga kwenye rafu ya dirishani ili wageni wavione. Sasa midomo iliyokuwa nyeusi tititi imekuwa ya kahawia yenye ukijani, na ina ladha chungu. Ni uchafu gani huu?*

Si uchafu, ni dirisha. Midomo hiyo ni ya ebonaiti, yaani mpira uliopikwa na salfa nyingi hadi ukawa mgumu kama pembe. Jua na hewa huila sura ya juu, salfa hujitokeza, ikakutana na unyevu ikawa asidi. Sugua kwa kidole gumba kisha unuse: utasikia kiberiti. Vumbi tunaliogopa zaidi kwa sababu tunaliona, lakini vumbi hufutika kwa brashi, na mwanga unakula kiko chenyewe.

Kwanza vihamishe. Kisha safisha kimoja kimoja, kikiwa baridi. Chomoa mdomo kwa kuuzungusha upande mmoja tu, uelekeo wa saa, na uurudishe hivyo hivyo. Kiko chenye joto usikichomoe kamwe, maana mbao na ulimi vimetanuka na shingo hupasuka kwa mkupuo mmoja. Pitisha tunduni waya wa manyoya, ule laini wa kusafishia viko, hadi utoke mweupe. Kabla ya kupiga msasa, rudisha mdomo mahali pake, ukiwa umeweka pete nyembamba ya plastiki kwenye maungio. Bila hiyo kingo za mdomo huviringika, na ule mshikamano safi wa mbao na mdomo hupotea moja kwa moja. Anza na msasa wa maji namba 600, nenda 1000, malizia 2000. Nembo ya mtengenezaji iruke, hata ikibaki na rangi mbaya kuizunguka: ikifutika hairudi. Mwisho paka tone moja la mafuta ya madini, liache usiku kucha, futa. Mafuta ya kupikia yatachacha. Na usiloweke midomo kwenye maji ya moto. Mdomo uliopindwa kiwandani, ukipata joto, hunyooka wenyewe.

Sasa mahali pa kuvipanga. Chagua ukuta wa ndani usiopigwa na jua saa yoyote, mbali na jiko. Fremu ya ubao yenye urefu wa sentimita 60 inatosha viko 9 ukiacha milimita 65 kutoka katikati ya kimoja hadi katikati ya kinachofuata. Ukivibananisha zaidi, mabakuli yatagongana kila unapotoa kimoja. Ubao wa chini uwe na vibonyeo vya milimita 40 kwa upana na 10 kwa kina, bakuli likae humo. Ubao wa juu uwe na nafasi za milimita 15 za kuegemeza midomo, zilizozungushiwa kitambaa cha pamba. Viko vilivyopinda sana havifiki ubao wa juu uliopimwa kwa vilivyonyooka, kwa hiyo vipime kwanza ndipo utoboe. Mdomo ukae juu, bakuli chini. Ukikigeuza, majimaji yaliyobaki ndani huteremkia mdomoni na kuganda kuwa lami kwenye tundu jembamba.

*Nimenunua kabati jipya la vioo. Baada ya wiki chache pete za fedha kwenye viko vyangu zimekuwa nyeusi. Nilidhani kioo kitavilinda!*

Kioo huzuia vumbi, lakini pia hufungia mvuke ndani. Ebonaiti hutoa salfa, na salfa ndiyo inayofanya fedha iwe nyeusi; kwenye rafu ya wazi ingepeperuka. Tazama pia kitambaa ulichotandika: sufu ina salfa, pamba haina shida. Mbao za mwaloni hutoa asidi, na mbao za kubandikwa kwa gundi hutoa mvuke wake. Kama vanishi ni mpya, acha milango wazi kwa wiki 4 bila kitu ndani. Halafu toboa matundu machache nyuma, juu na chini, uyafunike kwa wavu mwembamba ili hewa ipite na wadudu wasiingie. Weka kipima unyevu: asilimia 45 hadi 55 ni salama, na ikipita 65 tarajia ukungu. Taa ikae nje ya kabati. Pete zifute kwa kitambaa laini tu, tena kwa nadra, kwa sababu kila kusugua kunakula alama zilizogongwa kwenye fedha.

*Je, kiko kilichotoka kuvutwa naweza kukirudisha kabatini siku hiyo hiyo?*

Hapana. Mwaga majivu, pitisha waya, kisha kiache mahali wazi kwa saa 24 angalau. Kwangua gaga la masizi lililoganda ndani ya bakuli hadi libaki kama milimita 1 kote. Likiwa nene hutanuka kuliko mbao siku kikiwashwa tena, na bakuli hupasuka. Hakikisha hakuna chembe ya tumbaku iliyobaki ndani: huleta mende wa tumbaku, mdudu mdogo wa kahawia anayeweza kuhamia kwenye vitu vingine vya kabatini. Spiriti inafaa ndani ya bakuli la mbao na shingo yake. Isiguse vanishi ya nje, mdomo wa akriliki, wala wa kaharabu.

*Vipi kuhusu mershamu na viko vya udongo?*

Visikae fremu moja na vya mbao. Mershamu, jiwe jeupe jepesi linalochongwa viko, ambalo kwa wingi huchimbwa Eskişehir, Uturuki, ni laini kiasi kwamba ukucha unaikwaruza, na uso wake umepakwa nta ya nyuki. Ishike kwa shingo, isafishe kwa kitambaa kikavu, usiikwangue ndani kwa kisu. Sanduku lake la asili ndilo makazi bora, mradi iwe imekauka kabisa. Cha udongo kilaze, shingo iegemee vipande viwili vya sponji. Ukikisimamisha, kugongwa kidogo tu na mkono kutavunja shingo.

*Nitajuaje kipi ni kipi baada ya miaka?*

Usibandike stika: gundi yake hung'oa vanishi. Funga kikaratasi kwa uzi wa pamba kwenye shingo, chenye namba tu, na maelezo yaweke daftarini: urefu, aina ya mbao, maneno yaliyogongwa ubavuni, na picha ya pande zote mbili. Andika kwa penseli, kwa kuwa wino hulowa ukahamia kwenye mbao.