Kuzidisha tarakimu mbili: mtoto anapata 115 badala ya 322

Dada yangu wa Jinja, umesema binti yako wa darasa la nne anazidisha 23 × 14 anapata 115, na mwalimu anamwambia arudie jedwali. Jedwali analijua! Angalia alivyofanya: 23 × 4 ni 92, kisha 23 × 1 ni 23, akajumlisha. Ile 1 ni kumi, yeye kaiona moja.

Weka kando ile njia ya kupanga namba wima kwa wiki moja hivi. Mpeleke shambani, au mchore shamba la mahindi: mistari 14, kila mstari mashimo 23. Aligawe kwa kamba vipande vinne: 20 × 10 ni 200, 20 × 4 ni 80, 3 × 10 ni 30, 3 × 4 ni 12. Jumla 322. Wangu alicheka alipoona lile pande la 200 alilokuwa akilisahau.

Kabla ya hapo hakikisha 20 × 10 haimsumbui. Noti za shilingi elfu zinasaidia sana. Akirudi kwenye njia ya wima, mstari wa pili aseme kwa sauti "23 mara kumi", aandike 230. Nafasi ya sifuri asiiache wazi.