Manyanga yamegeuka maji

SWALI: Fundi, tulirekodi wimbo wa kwaya, ukasikika safi kabisa kwenye kompyuta. Kijana wetu mmoja akaupunguza kuwa MP3 ya kilobiti 64 ili upite haraka WhatsApp. Sauti za waimbaji zipo, lakini manyanga yanasikika kama maji yanayochuruzika. Mbona yameharibika hayo tu?
Kiongozi wa kwaya, Kadutu, Bukavu

JIBU: Mama, kijana amefanya pupa tu. Kompyuta huandika sauti kwa biti, yaani 0 na 1, na kilobiti ni biti elfu moja. CD hula kilobiti 1,411 kila sekunde. Yeye amebakiza 64. Huwezi kubana hivyo bila kuingiza kelele, kwa maana kila biti unayoondoa katika namba za sauti huipandisha kelele kwa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 6 hivi. Ujanja wa MP3 ni kujua pa kuificha.

Sikio ni kali zaidi kati ya hezi (mitetemo kwa sekunde) 2,000 na 5,000. Shuka chini ya 100, au panda juu ya 15,000, sauti sharti iwe kubwa ndipo uisikie. Basi programu ya MP3 huigawa sauti kwa masafa, yaani kwa hezi zake, pale penye ukali ikatumia biti nyingi, kelele ikaisukumia kwenye uziwi wetu au chini ya sauti kubwa inayoifunika. Jirani na studio yangu kuna mashine ya kusaga mihogo. Ikinguruma, mwenzangu akininong'oneza mlangoni naona midomo tu.

Siku moja nilichukua wimbo ambao haujabanwa, nikayageuza mawimbi yake juu chini, nikauchanganya na MP3 yake ya kilobiti 192. Vilivyofanana vikafutana, ikabaki kelele tupu: mikwaruzo mibaya, ikipanda na kushuka pamoja na waimbaji. Nilikuwa nimeusikiliza wimbo ule wiki nzima bila kuigundua!

Sasa manyanga. Mlio wake wenyewe ni kama kelele, umetapakaa masafa ya juu, na huo hula biti nyingi. Kwa 64 hazitoshi. Programu inakata vipande na kuvirudisha mara nyingi kwa sekunde, ndiyo hayo maji. Tena kila mtikiso huanza ghafla, na kelele humwagika hata kabla yake, kwenye kimya kisicho na cha kuifunika.

Rudi kwenye faili la WAV, yaani rekodi yenu ya kwanza isiyobanwa, utoe MP3 ya 192, uitume kama hati. Hiyo ya 64 msiipandishe: kilichotupwa hakirudi, mtaongeza kelele juu ya kelele. Na WAV msiifute, Mama. Kwaya mbili zimeshanililia hapa.