Mwaka huu ni vitabu 11, na mwaka jana niliwadanganya

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Arua, huku kwetu Uganda, aliniandikia: "Dada, mwaka jana ulisema umemaliza vitabu 30. Mimi nimekwama kwenye cha pili tangu Pasaka. Siri yako ni nini?" Nililaza simu kifudifudi, nikaenda jikoni kukanda unga wa mandazi ambayo hakuna mtu aliyeyaomba.

Siri ni kwamba sikumaliza 30. Nilimaliza 9. Vingine nilisoma jalada la nyuma na kurasa za mwanzo, nikavipanga vyote kitandani, nikapiga picha, mkanipongeza. Nilizipokea zile pongezi, Mungu anisamehe. Mwaka huu ni 11, na safari hii nishike popote uniulize.

Kilichonikomesha ni Kintu cha Jennifer Nansubuga Makumbi. Kilikuwemo kwenye ile picha. Nilikuwa nimekiandikia "kila Mganda akisome" bila kufika ukurasa wa tano. Mimi nalala Bombo, kazi yangu iko Kampala, kwa hiyo asubuhi na jioni niko ndani ya taksi kwenye Barabara ya Bombo. Januari nikakifungua upya. Kinaanzia Bwaise, Januari 2004: bwana mmoja, Kamu, anachukuliwa nyumbani kwake asubuhi, anaitwa mwizi, na umati unammaliza. Nilipoinua macho, jamu ilikuwa imetukamata Bwaise hapo hapo, wauza nyanya upande huu, bodaboda upande ule, kondakta anagombana na mama mmoja juu ya chenji ya mia tano. Nikafunga kitabu. Siku mbili sikukigusa.

Halafu kinakurudisha 1750, kwa Kintu Kidda, Ppookino, yaani mtawala wa Buddu, akiwa safarini kwenda kumtolea heshima Kabaka mpya. Njiani anampiga kofi kijana anayemlea, na kijana anakufa. Kofi moja! Na laana yake inatembea mpaka kwa wajukuu wanaopanda taksi kama mimi. Kilinichukua wiki saba. Baadhi ya majina niliyaandika nyuma ya risiti ili nisipotee, na bado nilipotea.

Ushauri wa kwanza, basi: beba kitabu kimoja. Kimoja tu kwenye mkoba, kurasa kumi kabla hujagusa simu.

Sasa niseme hili ambalo bado linanichoma. Nilikuwa kwenye kikundi cha wasomaji pale Kampala, watu wa kahawa ya bei na miwani mizuri. Zamu yangu ya kupendekeza kitabu ilipofika nikatoa Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah ya mwaka 1994 ambayo Ida Hadjivayanis ameitafsiri kwa Kiswahili na Mkuki na Nyota wakaichapa. Gurnah huyu huyu wa Nobeli ya 2021. Mmoja akakigeuza, akasoma mstari kwa sauti ya kamanda wa gwaride, akauliza kama kinauzwa kambini. Meza nzima ikacheka. Katiba ya Uganda imekifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili tangu 2005, baraza la mawaziri likakubali Julai 2022 kiwe cha lazima shuleni, lakini pale mezani kilikuwa bado lugha ya askari na majambazi. Baba yangu alikuwa askari. Kiswahili alikileta nyumbani pamoja na mshahara.

Nami nilicheka nao. Hicho ndicho kinachoniuma, si yule bwana.

Nikakisoma peke yangu. Yusuf, mtoto wa miaka 12, anaondoka na tajiri Aziz akidhani anakwenda kutembea, kumbe baba yake amemtoa kwa deni. Kwa Kiingereza nilikuwa nimewahi kukiacha katikati. Kwa Kiswahili nilisikia wale wapagazi wa msafara wa Aziz wakibishana kama wazee wa Bombo baada ya swala ya Ijumaa. Ndugu zangu, someni kwa lugha inayowafikia. Acheni kusoma kwa kuonekana. Kitabu si kitenge cha harusi.

Rosa Mistika ya Kezilahabi niliazimwa na binamu yangu aliyeolewa Mwanza. Ni ya 1971, na iliwahi kupigwa marufuku shuleni Tanzania. Inaanzia Ukerewe, kisiwa kilicho kwenye ziwa hili hili letu. Zakaria anampiga binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana, anamfungia asijue dunia, kisha dunia inamlipia. Nina binti wa miaka 14. Zaidi ya hapo siandiki.

Vingine saba nitavipita haraka: viwili vya biashara vilivyosema jambo lile lile, kimoja cha dini, vinne vya upelelezi nilivyovimaliza umeme ulipokatika, na sijuti.

Cha kumi na moja ni Song of Lawino, ule utenzi wa Okot p'Bitek wa 1966. Tuliusoma shuleni na nilimcheka Lawino, mke wa kijijini anayelalamikia mume msomi. Nilipourudia nikakuta pale anaposema nyumba ya mumewe Ocol ni msitu wa giza wa vitabu. Nikaitazama rafu yangu. Mwaka mzima nilijiona Lawino, mnyonge anayechekwa, kumbe kwenye ile picha ya kitandani Ocol alikuwa mimi.

Kwa hiyo, mdogo wangu wa Arua, kukwama kwenye cha pili si dhambi. Kibebe, kurasa kumi, simu baadaye. Wala usiipige picha rafu, isome. Najua nimeshasema, nasema tena, maana mimi mwenyewe jana nilishika simu kwanza.

Vile ambavyo sijavigusa nimevitia kwenye boksi, na nauli ya kifurushi kwa basi la Arua nalipa mimi. Rosa Mistika usiniombe, si yangu, na binamu ameshaanza kuidai. Kintu nacho kina mafuta ya rolekisi, ile chapati ya kukunjia mayai, kuanzia Bwaise mpaka Buddu. Hicho kinabaki.