Maswali ya Wasomaji: Zana ya Mawasilisho Itakayomfaa Kila Mwanafunzi

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mkufunzi katika chuo cha ualimu karibu na Jinja. Uongozi unataka tuchague zana moja ya mtandaoni ya kutengenezea mawasilisho yenye picha, sauti na video, itakayotumiwa na wakufunzi na wanafunzi wote. Tuna mwanafunzi mmoja asiyeona, wawili viziwi, na mwingine asiyeweza kushika kipanya. Kila muuzaji anatuhakikishia kwamba zana yake inawafaa watu wenye ulemavu. Tutajuaje ukweli? (Mkufunzi, Jinja)

JIBU: Ndugu Mkufunzi, swali lako lina maswali mawili ndani yake, na kamati za ununuzi huelekea kujibu la kwanza tu. La kwanza ni kama mwanafunzi asiyeona ataweza kufuata wasilisho lililotengenezwa na mwenzake. La pili ni kama yeye mwenyewe ataweza kuifungua zana hiyo, kuunda slaidi, kuweka picha na kusimama mbele ya darasa kuwasilisha. Kwa chuo cha ualimu, hilo la pili ndilo zito zaidi, kwa kuwa mnamwandaa mtu wa kufundisha. Shirika la viwango vya wavuti, W3C, limeyatenganisha mambo haya: mwongozo wa WCAG, ambao toleo lake la 2.2 lilitolewa Oktoba 2023, unahusu yaliyomo kwenye wavuti, ilhali ATAG 2.0 wa mwaka 2015 unahusu zana za kutungia, nao unataka zana yenyewe iweze kutumiwa na mtunzi mwenye ulemavu na pia imsaidie mtunzi yeyote kutoa kazi itakayowafikia wengine. Muulizeni muuzaji kuhusu ATAG, na msishangae akikosa la kusema.

Jaribio lenyewe halina gharama kubwa. Ondoeni kipanya mezani, kisha mtu ajaribu kutengeneza slaidi chache kwa kibodi peke yake, akitumia kitufe cha Tab, mishale na Enter. Je, anaona wakati wote mahali alipo kwenye skrini? Je, akiingia kwenye kisanduku cha video anaweza kutoka, au ananaswa humo mpaka aufunge ukurasa? Baada ya hapo wekeni NVDA, programu ya bure ya kusoma skrini iliyoanzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, ambaye mwenyewe haoni, mrudie kazi ileile skrini ikiwa imezimwa. Hapa ndipo zana nyingi zenye sura ya kupendeza huumbuka: vitufe husomwa "kitufe, kitufe, kitufe" bila jina, picha hazina mahali pa kuandikia maelezo, na maneno ya slaidi husomwa kwa mpangilio ambao vitu viliwekwa, hata kama kichwa cha habari kiliwekwa mwisho. Zana nzuri humruhusu mtunzi kuupanga upya mfuatano huo wa kusoma. Kwa kuwa wanafunzi wengi hutumia simu, rudieni jaribio kwa TalkBack, kisoma skrini kilichomo kwenye simu za Android.

Nina shaka kidogo na mtindo ulioletwa na zana kama Prezi, ambayo ilianza mwaka 2009: badala ya slaidi zinazofuatana, mtazamaji hurushwa huku na huku juu ya turubai moja kubwa. Unavutia, lakini mwendo huo huwatia kizunguzungu baadhi ya watu, na kisoma skrini hakiwezi kumweleza asiyeona kwamba jambo fulani limewekwa "ndani" ya jingine, isipokuwa mtunzi amelisema kwa maneno. Mkiuchagua, hakikisheni miondoko inaweza kuzimwa.

Kuhusu wanafunzi viziwi, msiridhike na ahadi ya manukuu, yaani maandishi ya maneno yanayosemwa, yanayojitengeneza yenyewe. Mashine hukosea majina ya watu na mahali, na darasa letu huchanganya Kiingereza, Kiswahili, Luganda au Lusoga katika sentensi moja. La kuangalia ni kama zana inakubali manukuu mliyoyaandika wenyewe, kama yanaweza kusahihishwa, na kama kuna nafasi ya kuweka video ya mkalimani kando ya slaidi bila kufunika maandishi. Nafasi hiyo ni muhimu, kwa sababu kwa viziwi wengi lugha ya kwanza ni Lugha ya Alama ya Uganda, wala si Kiingereza cha kuandikwa. Katiba ya mwaka 1995 yenyewe inaitaka serikali iendeleze lugha ya alama kwa ajili ya viziwi.

Mengine hupimika haraka: rangi ya maandishi ya kawaida itofautiane na ya nyuma kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1, kisiwepo kitu kinachomulika zaidi ya mara 3 kwa sekunde, na sauti inayojianzisha yenyewe iweze kuzimwa.

Hatimaye, wapeni wanafunzi hao wanne kazi moja iliyo sawa, yaani slaidi tano zenye picha moja na video fupi yenye manukuu, kisha mwandike kila mahali walipolazimika kuomba msaada. Mkatae kusaini mkataba kabla ya kazi hiyo kufanyika.

SWALI: Je, haitoshi kumtumia asiyeona nakala ya PDF baada ya somo? (Msomaji, Mbale)

JIBU: Haitoshi, hasa ikiwa PDF hiyo ni picha za slaidi, kwa kuwa kisoma skrini hakitakuta hata herufi moja ndani yake. Hata hivyo nakala ya maandishi matupu ina kazi yake: ni nyepesi kupakua, nalo ni jambo la maana tangu kodi ya asilimia 12 ilipowekwa kwenye data ya intaneti Julai 2021. Itoeni moja kwa moja kwenye zana, yenye vichwa vya habari na maelezo ya picha, na impate mwanafunzi kabla ya kipindi kuanza ili aweze kuuliza maswali pamoja na wenzake.