Mtihani wa Kidato cha Nne umekaribia na binti yangu hapati usingizi wa kutosha: nimsaidieje?

SWALI

Mpendwa Mshauri, binti yangu anasoma Kidato cha Nne katika shule ya kutwa hapa Morogoro, na mwezi Novemba atafanya mtihani wa taifa. Katika mtihani wa majaribio wa mkoa alipata daraja la nne, pointi 27. Maksi zake ni Kiswahili 52, Biolojia 41, Jiografia 40, Historia 38, Uraia 36, Kiingereza 33, Kemia 31 na Hisabati 19. Tangu hapo tumemwandikisha tuisheni ya Hisabati na Kemia kila jioni. Anarudi saa mbili usiku, anajisomea hadi saa sita, na saa kumi alfajiri namwamsha tena. Sasa kila asubuhi analalamika tumbo, chakula hakipiti, na juzi nilimkuta analia mbele ya daftari. Baba yake amemwambia kwamba akipata sifuri asitegemee ada tena, atapelekwa kijijini kwa bibi. Mimi niliishia darasa la saba, masomo yenyewe siyajui. Nifanye nini?

Mama, Kihonda, Morogoro

JIBU

Dada yangu, pole sana, na umfikishie binti pole zangu. Tumbo linalouma kila asubuhi ya siku ya shule si uongo wala si uvivu, kwa sababu mwili ulioshikwa na hofu hutoa homoni zinazoharakisha mapigo ya moyo, kuvuruga tumbo na kuondoa hamu ya chakula. Hata hivyo mpeleke kituo cha afya apimwe kwanza, ili tusije tukaiita hofu kitu ambacho ni vidonda vya tumbo au minyoo.

Baada ya hapo, chukua karatasi ile ya matokeo, kaa naye mezani mchana akiwa ameshiba, mpige hesabu ambayo nadhani hakuna aliyempigia. Daraja la mtihani huu hupatikana kwa kujumlisha pointi za masomo saba aliyofanya vizuri zaidi: A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4 na F ni 5. Pointi 26 hadi 33 ni daraja la nne, na pointi 22 hadi 25 ni daraja la tatu. Binti yako ana C moja ya Kiswahili na D sita, ndiyo maana amepata 27. Alama C huanzia maksi 45. Biolojia anayo 41, kwa hiyo amepungukiwa na maksi 4, na Jiografia anayo 40, amepungukiwa na 5. Masomo hayo mawili yakipanda, na mengine yakabaki yalipo, pointi zake zitakuwa 25 na atakuwa na C tatu, ambazo kwa kawaida ndizo sharti la msingi la kufikiriwa kwa Kidato cha Tano, ingawa tahasusi (mchanganyiko wa masomo ya Kidato cha Tano) na nafasi za shule zina masharti yake. Maksi 9 katika masomo mawili anayoyaweza tayari ni kazi ambayo mtoto anaweza kuiona mwisho wake. Mueleze pia kwamba kwa mwanafunzi wa shule, maksi 30 kati ya 100 hutokana na upimaji uliofanyika shuleni kabla ya mtihani wa mwisho na mtihani wa Novemba hubeba 70, hivyo haendi kuanza sifuri.

Hapo ndipo ninapotofautiana na mpango wenu wa tuisheni. Mmepeleka jioni zake zote kwenye masomo mawili yanayomtisha kuliko yote, na hata Hisabati ikipanda kutoka 19 hadi 30, ambako ni D, bado litakuwa somo la nane na pointi zake hazitabadilika hata moja. Sisemi aiache, kwa sababu vyuo vingi huangalia Hisabati na kuna mada kama takwimu na seti ambazo anaweza kuzipata kwa mazoezi machache. Nasema ibaki siku mbili kwa wiki, Kemia ilindwe isiteremke chini ya 30, na jioni zilizobaki zirudi nyumbani kwa Biolojia, Jiografia na Historia. Kama mwalimu wa tuisheni atanung'unika, mwambie kwa heshima kwamba uamuzi ni wa wazazi.

Usingizi ni jambo la pili, na hapa nakuomba uwe mkali kwa niaba yake. Kijana wa umri wake anahitaji kulala saa nane hadi kumi. Anayelala saa sita usiku na kuamshwa saa kumi alfajiri amelala saa nne tu. Ubongo huhifadhi wakati wa usingizi yale yaliyosomwa mchana, kwa hiyo saa hizo mnazomwongezea zinakula zile alizokwisha kusoma. Alale saa nne kasoro, aamke saa kumi na mbili kasoro, na kama kwenda shule ni mbali, basi ndugu zake wachote maji na kuosha vyombo hadi mtihani uishe. Kumpunguzia kazi za nyumbani kwa miezi miwili si kumdekeza.

Unasema masomo huyajui. Huhitaji kuyajua. Watoto wengi husoma kwa kurudia kusoma daftari lilelile mpaka macho yazoee maneno, wakadhani wameelewa, halafu karatasi ikifika kichwa kinakuwa kitupu. Kinachojenga kumbukumbu ni kufunga daftari na kujaribu kutoa kilichomo, kisha kurudia baada ya siku mbili tatu. Wewe shika daftari lake la Biolojia, soma kichwa cha habari tu, umwambie: "Hebu nieleze, chakula kikishamezwa kinaelekea wapi na kinafanywa nini?" Akueleze kwa Kiswahili, kwa maneno yake, kama anavyomweleza mdogo wake. Akikwama, afungue daftari, asome pale tu alipokwama, aendelee. Akimaliza, aandike jibu lilelile kwa Kiingereza katika sentensi nne au tano. Mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili akafika sekondari akakutana na Kiingereza katika karibu kila somo hubeba mizigo miwili kwa wakati mmoja, na mara nyingi jibu analo ila hana sentensi ya kulibeba. Zoezi hili la kueleza kwanza na kuandika baadaye humtenganishia mizigo hiyo, na nina imani nalo kuliko tuisheni ya watu themanini katika chumba kimoja.

Kwa mazoezi ya kuandika, Baraza la Mitihani la Tanzania huweka katika tovuti yake mitihani ya miaka iliyopita, fomati za mitihani, na taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, zinazoonyesha katika kila swali wengi walikosea wapi na kwa nini. Hazilipiwi. Mwenye simu ya intaneti azipakue, mkachapishe steshenari kurasa chache za Biolojia na Jiografia. Kila Jumamosi asubuhi afanye karatasi moja kwa saa ileile ya mtihani, saa ikiwa mezani, bila daftari, ili mwili uzoee ukimya ule na hofu ipungue makali kabla ya siku yenyewe.

Sasa neno kwa baba, nawe utamsomea. Shemeji yangu, najua ada imekuuma na unazungumza kwa uchungu wa mzazi, lakini mtoto anayeamini kwamba matokeo mabaya yatamfukuza nyumbani anaingia katika chumba cha mtihani na maswali mawili, la karatasini na la atalala wapi. Mwambie sasa, kabla ya Novemba, kwa kinywa chako, nini kitatokea asipofaulu vizuri. Njia zipo: anaweza kurudia mtihani akiwa mtahiniwa wa kujitegemea, anaweza kwenda VETA kujifunza ufundi, na mwenye ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini kwa kawaida anaweza kuomba vyuo vya kati katika fani mbalimbali. Kumtajia njia hizi hakumfanyi alegee. Kunamwondolea giza lililo mbele yake.

Mwacheni pia kumlinganisha na mtoto wa jirani. Baraza lenyewe, lilipotangaza matokeo ya Kidato cha Nne mwezi Januari 2023, liliacha utaratibu wa kutaja shule kumi bora na wanafunzi kumi bora. Hata hivyo matokeo hutoka mtandaoni kwa namba za mtihani, na mtaani habari huwahi kufika, kwa hiyo kubalianeni leo nani atafungua simu siku hiyo. Ushauri wangu ni kwamba afungue yeye mwenyewe, mkiwa naye ndani, na mjomba au shangazi anayetaka kujua asubiri apigiwe.

Jambo la mwisho kwako, dada. Akianza kusema kwamba ni afadhali asingekuwepo, akijidhuru, au akikataa kabisa kula, usingoje mtihani upite. Usimwache peke yake, mpeleke hospitali siku hiyohiyo, na ukihitaji ushauri piga 116, Simu ya Mtoto, ambayo ni bure.

SWALI

Mshauri, naishi na kijana wa mdogo wangu, naye ni mtahiniwa wa Kidato cha Nne. Anakesha kwa kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu, anasema wenzake wote ndivyo wanavyofanya. Je, nimkataze?

Mlezi, Tanga

JIBU

Ndugu mlezi, mkataze, ila kwa utaratibu. Kafeini hukaa mwilini muda mrefu: anayekunywa saa mbili usiku, kiasi cha nusu yake kwa watu wengi bado kimo mwilini saa saba usiku, na hata akijilaza usingizi wake unakuwa mwepesi. Pia huongeza mapigo ya moyo na kutetemesha mikono, mambo ambayo mtahiniwa mwenye hofu huyachukua kuwa ni dalili kwamba atafeli. Vinywaji vya kopo aviache vyote. Kahawa ibaki kikombe kimoja cha asubuhi, na kabla ya hapo apunguze kidogokidogo kwa wiki moja au mbili kuanzia sasa, kwa kuwa anayeacha ghafla huumwa kichwa na kusinzia kwa siku kadhaa, na siku hizo zisije zikaangukia wiki ya mtihani.