Baridi ya Julai si hoja

SWALI: Katika kundi letu la bustani za nyumbani hapa Kasarani, mwenzetu anashikilia kuwa baridi ya Julai yathibitisha dunia haipati joto. Tumjibuje?

JIBU: Hoja hiyo hurudi kila mwaka pamoja na masweta. Julai Nairobi hupoa kwa sababu mawingu mazito huziba jua mchana kutwa. Tabianchi hupimwa kwa wastani wa miaka 30, si msimu mmoja. Mwonyesheni hewa ukaa, gesi inayonasa joto la dunia: kabla ya viwanda ilikuwa sehemu 280 kwa kila sehemu milioni za hewa, sasa imepita 420, nayo hupimwa kwenye mlima Mauna Loa, Hawaii, tangu 1958. Akisingizia volkano, zote kwa jumla hazifikishi asilimia 1 ya hewa ukaa tunayotoa binadamu. Akianza matusi, mwacheni.