Mzaha uliotunga usaha: majibu ya maswali yenu kuhusu uonevu na hasira

Barua tano za mwezi huu zinahusu jambo moja: mtu aliyeonewa kwa muda mrefu, na hasira iliyofuata. Majina ya walioandika tumeyaacha, na mambo machache tumeyabadilisha ili watoto wasitambulike.

Kijana wangu wa miaka 14 yuko kidato cha pili. Ni mpole, hata kuku haoni akichinjwa. Wiki mbili zilizopita alimpiga mwenzake kichwani kwa kigoda, akashonwa nyuzi saba. Shuleni wanasema ni simba mwenda kimya, ukatili alikuwa anauficha. Yeye anasema tu, "Walinichosha." Sasa ndipo nimejua kwamba tangu kidato cha kwanza wanamwita "Bi Harusi" kwa sababu ya sauti yake. Jina la utani linaweza kumfikisha mtu hapo? — Mama, Tanga

Pole sana, mama. Linaweza, lakini si jina peke yake. Jina lile lile rafiki akilitamka mara moja wakiwa wawili, linapita na upepo. Huwa sumu linaporudiwa kila siku, likatamkwa na watu wanaomzidi nguvu au idadi, tena mbele ya hadhira inayocheka. Dan Olweus, aliyeanza kuchunguza uonevu wa shuleni huko Skandinavia miaka ya 1970, aliutofautisha na ugomvi wa kawaida kwa mambo matatu: umekusudiwa, unarudiwa, na nguvu za pande mbili hazilingani. Sisi tungesisitiza na kile kicheko. Mtoto anaweza kusahau kofi, lakini darasa zima lililocheka halisahau.

Angalia linavyomfanya. Asubuhi akikaribia geti la shule moyo unaenda mbio na misuli inakaza, kama anayepita penye mbwa mkali. Akiishi hivyo miezi kadhaa, anaanza kuona adui hata pasipo na adui: mtu akimgonga kwa bahati mbaya kwenye foleni ya uji, yeye anaona amekusudiwa. Usiku hali inazidi. Anaicheua ile aibu kama ng'ombe anavyocheua majani, anarudia nani alisema nini na yeye angejibu nini, na kila akirudia mwili unapanda joto upya. Usingizi ukipungua, uwezo wa kujizuia nao unapungua. Kisha kuna milango aliyobisha. Yawezekana aliwahi kumwambia mtu mzima akajibiwa, "Achana nao, huo ni utani." Akijibiwa hivyo mara mbili au tatu, haulizi tena. Kinachomlipua mwishoni huwa ni kitu kidogo, kalamu iliyochukuliwa au kiti kilichovutwa, na shule huona hicho kidogo tu. Hata aliyepigwa huenda si aliyemtesa zaidi; mara nyingi ni aliyekuwa karibu wakati huo.

Lakini tusivuke mpaka. Wengi sana wanaoonewa hawamjeruhi mtu yeyote. Wengi hujigeukia wenyewe: tumbo linauma kila Jumatatu, chakula hakishuki, shule inakimbiwa, wengine wanajidhuru. Idara ya Marekani inayomlinda rais, Secret Service, ilichunguza mashambulizi 37 ya shuleni yaliyofanywa na vijana 41 kati ya 1974 na 2000. Ripoti yake ya 2002 ilikuta karibu robo tatu walijiona wameonewa, wameandamwa au wameumizwa na wengine kabla ya tukio. Ripoti hiyo hiyo ilisema hakuna sura moja ya mshambuliaji ambayo mwalimu anaweza kuikariri. Utafiti mwingine wa huko, wa mwaka 2003, ulipitia visa 15 vya risasi shuleni ukakuta kutengwa na kudhihakiwa katika 13. Penye kutengwa huko mara nyingi palikuwa na kitu kingine pia: matatizo ya akili, kuvutiwa na silaha, au kuvutiwa na kifo.

Kwa hiyo mwanao awajibike kwa kigoda. Aende kuomba radhi akiwa nawe, na familia isaidie gharama za matibabu. Hapo hapo, idai shule kwa barua ifungue jalada la pili, la hiyo miaka miwili. Yawe majalada mawili, na moja lisifute jingine. Nyumbani usianze na "Kwa nini ulifanya hivi?" maana swali hilo humfunga mdomo. Muulize ilianza lini, ilikuwa wapi, na nani walikuwepo.

Mimi mwanangu nimemfundisha: ukipigwa, rudisha. Mke wangu anasema nakosea. — Baba, Nakuru

Mkeo ana haki. Anayeonewa huwa peke yake na waonevu huwa kundi; akirudisha ngumi moja hupokea tano, na mwalimu akigeuka huiona ile ya kwake. Mfundishe maneno machache yasiyo na matusi, "Acha. Sitaki uniite hivyo," ayaseme kwa sauti inayosikika, kisha aondoke kuelekea walipo watu wazima. Wakati wa mapumziko atembee na mwenzake hata mmoja.

Kuna somo lingine la kumfundisha ambalo wazazi hulisahau: yeye atakuwa mtazamaji mara nyingi kuliko atakavyokuwa mwathirika. Watafiti wa Kanada waliowarekodi watoto kwenye viwanja vya shule walikuta wenzao wapo katika matukio 88 kati ya 100, lakini waliingilia 19 tu. Walipoingilia, zaidi ya nusu ya mara hizo uonevu ulikoma ndani ya sekunde 10.

Wanafunzi wanne wa kidato cha tatu walikuwa wakimfulisha nguo mtoto wa kidato cha kwanza, wakimaliza sukari yake, na kumwamsha usiku awaimbie. Tuliwasimamisha gwarideni, wakaomba msamaha mbele ya wote, wakashikana mikono. Wiki ile ile mtoto akamwagiwa maji kitandani. Tulikosea wapi? — Mwalimu wa nidhamu, Kitui

Kwenye kushikana mikono, mwalimu. Suluhu ni ya watu wawili waliogombana wakiwa na nguvu sawa. Hapa hapakuwa na ugomvi, palikuwa na wanne wakimtesa mmoja. Ukiwaleta uso kwa uso, mtoto anajua akisema ukweli atalipa usiku, kwa hiyo anakubali kila kitu. Wale wanne nao wametoka gwarideni na aibu, na wanajua nani wa kumtwika.

Anza na mtoto, peke yake, kwa namna ambayo bweni halitagundua. Mwite kwa jambo la vitabu, si kwa kipaza sauti. Andika siku, saa, mahali, waliotenda na waliotazama. Usimwahidi siri, mwahidi kwamba hutachukua hatua bila kumweleza kwanza.

Kisha waite wale wanne siku moja, mmoja mmoja, wakiwa darasani na si wakati wa mapumziko, ili anayetoka asipate nafasi ya kumpanga anayeingia. Anza na kinara wao. Dakika 10 hadi 15 zinatosha. Usiseme "fulani amekushtaki." Sema shule inajua mtoto huyu anateseka bwenini, na mateso hayo yanakoma leo, wewe utafanya nini? Subiri jibu hata kimya kikirefuka. Jibu la "nitamwacha" halitoshi, kwa sababu halipimiki. "Nitarudisha sukari kesho kabla ya chai" linapimika. Liandike, naye aweke sahihi. Baada ya wiki moja waite tena, mmoja mmoja, na mtoto naye peke yake. Rudia baada ya wiki tatu. Shule nyingi huharibu kazi hapa: mkutano wa kwanza hufanyika, wa pili husahauliwa, na waonevu hujifunza kwamba shule ina kumbukumbu ya siku saba.

Mpango wa KiVa wa Finland, uliobuniwa katika Chuo Kikuu cha Turku, hutumia mazungumzo ya aina hii, kisha huongeza jambo tunalolipenda: walimu huzungumza na wanafunzi wawili hadi wanne wenye heshima darasani, wawe karibu na aliyeonewa. Haitwi tena na wenzake kwa ajili ya kufua, anaitwa kucheza.

Chunguza pia saa na mahali. Bwenini hatari iko kati ya mwisho wa prepo na taa kuzimwa, kisha bafuni alfajiri. Mwalimu wa zamu apite saa hizo, na kila siku abadilishe dakika. Ikibidi kuhamisha kitanda, hamisha waonevu. Ukimhamisha mtoto, umemwadhibu yeye.

Na viranja wasipewe mamlaka ya kuadhibu. Mei 1999, katika Shule ya Upili ya Nyeri, wanafunzi waliwafungia viranja wanne chumbani mwao usiku wakawateketeza. Hakuna kisingizio kinachoweza kusimama mbele ya vifo vile. Lakini kila shule inayompa kijana wa miaka 17 kazi ya polisi na hakimu juu ya wenzake inamweka mahali ambapo mtu mzima ndiye angepaswa kusimama. Kiranja aripoti, mwalimu aamue.

Neno la mwisho kwako na wenzako katika chumba cha walimu. Kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya mwaka 2013 kinakataza mateso na udhalilishaji wa mwanafunzi, wa mwili na wa kisaikolojia, na adhabu ni faini isiyozidi shilingi 100,000, kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Mwalimu anayemwita mtoto "kichwa maji" mbele ya darasa amelipatia darasa jina la kumwitia hadi mwisho wa muhula.

Nimemsikia binti bwenini akiwaambia wenzake, "Siku moja mtaamka hamna bweni." Wakacheka. Niripoti, au ni maneno ya hasira tu? — Matroni, Morogoro

Ripoti leo, kabla ya taa kuzimwa. Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Katika yale mashambulizi ya Marekani tuliyoyataja, kwenye matukio 81 kati ya 100 kulikuwa na angalau mtu mmoja aliyejua mapema kwamba mhusika anafikiria au anapanga jambo. Wengi wa waliojua walikuwa wenzake.

Kinachotenganisha neno la hasira na mpango ni undani wake. Je, ametaja mtu, mahali au siku? Ana petroli, mafuta ya taa au kiberiti asichokuwa na sababu ya kuwa nacho? Ameanza kugawa vitu vyake? Kubwa kuliko yote: amemwambia rafiki yake asilale bwenini usiku fulani? Likiwepo hata moja, asiachwe peke yake. Mtu mzima akae naye, mzazi aitwe usiku huo huo, na mkuu wa shule awasiliane na afisa ustawi wa jamii na dawati la jinsia na watoto la polisi. Lisipokuwepo hata moja, bado keti naye umwambie, "Umesema neno zito. Nani amekukosea?" Kumfukuza haraka si usalama, anakwenda na hasira yake mahali ambapo hakuna anayemwangalia.

Kagua na milango. Katika Shule ya Sekondari ya Kyanguli, Machakos, Kenya, Machi 2001, wavulana 67 waliteketea kwa moto bwenini. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma. Mwongozo wa usalama wa shule wa Kenya wa 2008 unataka nafasi isiyopungua mita 1.2 kati ya vitanda na njia ya katikati isiyopungua mita 2, mlango upana wa futi 5 unaofunguka kwa nje, madirisha yasiyo na nondo, na mlango usifungwe kwa nje wanafunzi wakiwa ndani. Vipimo hivi unaweza kuvipima kesho kwa futi kamba, hata hapo Morogoro.

Nina miaka 16. Kila usiku nawaza jinsi nitakavyowalipiza. Naogopa nawaza kama muuaji. — Mwanafunzi

Mwanangu, kuwaza kulipiza baada ya kudhalilishwa hakukufanyi muuaji. Watu wengi waliodhalilishwa huwaza hivyo. Umefanya jambo kubwa kuliandika. Ila kila usiku unapoyafanyia mazoezi mawazo hayo, yanakuwa mepesi kuja, kwa hiyo tuyakatize.

Usipige godoro wala ukuta eti utoe hasira. Mwaka 2002 mtafiti Brad Bushman aliwapima wanafunzi 600 wa chuo waliokasirishwa kwa makusudi: waliopiga begi la mazoezi huku wakimfikiria aliyewakera walibaki na hasira kuliko wengine wote, na waliokaa kimya bila kufanya kitu walikuwa na ukali mdogo zaidi. Mawazo yakianza, keti, vuta pumzi ukihesabu hadi 4, itoe ukihesabu hadi 6, kwa dakika tano. Kisha hamisha akili kwenye kazi inayoihitaji kweli: hesabu, kusoma kwa sauti, kukariri.

Mchana, chukua daftari dogo uandike kila tukio: tarehe, saa, mahali, maneno yaliyosemwa, walioona. Usiandike utakachowafanya. Huna haja ya kulijaza. Hata tukio moja linatosha, lipeleke kwa mtu mzima unayemwamini na umwambie, "Ninaonewa, na nina hasira ninayoiogopa. Naomba unisaidie leo." Akicheka, au akikuambia uvumilie, nenda kwa mwingine siku hiyo hiyo: shangazi, mwalimu wa ushauri nasaha, imamu, mchungaji, muuguzi wa zahanati.

Na ikitokea mawazo yamepata siku au kifaa, au umeanza kuwaza kufa wewe mwenyewe, usisubiri daftari. Kitoe hicho kifaa mkononi mwako, mpe mtu mzima, na piga 116. Namba hiyo ni ya watoto, inapatikana Tanzania, Kenya na Uganda, na ni bure hata simu ikiwa haina salio.